Safari hii hakuna mkorosho wa rehani

Mwaka 2011, nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam, mama aliweka rehani mikorosho 15. Bodi ya Mikopo ilikuwa imenipangia mkopo, lakini bumu, ile pesa ya kujikimu, halikufuati kijijini. Linakusubiri chuoni, ukishasajiliwa na kusaini. Kabla ya hapo unahitaji nauli ya kutoka Newala mkoani Mtwara, godoro, pesa ya kula wiki za mwanzo, na ile sehemu ya ada ambayo mkopo wangu haukuifikia. Jirani yetu alikuwa na pesa mkononi. Wakakubaliana mbele ya mjomba, maana kwetu Wamakonde neno la kaka wa mama lina uzito wake: jirani atatoa pesa, ataokota korosho za miti ile kwa misimu mitatu, kisha miti itarudi. Yakaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mjomba akatia sahihi, mama akabonyeza dole gumba.

Nilimaliza chuo 2014. Miti haikurudi.

Jirani alisema karatasi inasema "mpaka pesa irudi". Mama alisema ni misimu mitatu. Niliisoma karatasi ile mara nyingi, na kweli yote mawili yalikuwemo, yameandikwa haraka haraka na mtu wa upande wa jirani. Tukafikishana baraza la kata. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya mama, mimi mwalimu wa Kiswahili na Historia, mwenye shahada yangu. Mzee wa baraza alipouliza kama tuna la kuongeza, mama aligeuka akanitazama. "Wewe si umesoma? Waambie."

Sikuwa na la kuwaambia. Nilisema maneno matatu manne kuhusu haki na ujirani mwema, nikakaa. Miti tuliikomboa 2019 kwa kulipa pesa mara ya pili, kidogo kidogo, kutoka kwenye mshahara wangu. Lakini yale macho ya mama hayakuniacha, na mwaka 2021 nilijiandikisha Chuo Kikuu Huria kusoma sheria. Si shahada ya uzamili. Shahada ya kwanza, nikiwa tayari nina shahada ya kwanza.

Naandika kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi na walimu wenzangu, na vijana waliosoma kozi moja wakagundua moyo wao uko kwingine, ni hili: nani anakulipia? Jibu ni fupi. Hakuna. Jinsi ya kuishi na jibu hilo ndiko kurefu.

Wengi walinishauri niende masta. Kwa anayetaka cheo ni ushauri mzuri, na hata wafadhili wengi wa nje wanalipia uzamili: Chevening ya Uingereza, kwa mfano, ni kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja. Lakini mimi nilitaka siku moja nisimame mahakamani kama wakili, na mlango wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, tunayoiita Shule ya Sheria, pale Dar es Salaam unafunguliwa na shahada ya kwanza ya sheria. Masta ya elimu haiufungui. Masta ya Kiswahili, ambayo ningeipenda sana, haiufungui. Kabla hujatafuta pesa ya shahada nyingine ya kwanza, jiulize kama kweli kazi unayoitaka inaidai. Uhandisi unaidai. Kuna kazi ambazo cheti kifupi au uzamili vinatosha, na huko ni kujiongezea miaka na madeni bure.

Nilianza kwa kutafuta mkopo, kama mtu yeyote. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005, na kwa sisi wa ngazi hii shabaha yake ni kumvusha mtu apate shahada yake ya kwanza. Ukishavuka, mtumbwi unarudi kuchukua wengine. Hata ungetaka kubembeleza, miongozo ya miaka ya karibuni ina vizingiti vingine: umri usizidi miaka 35, uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, usome kwa muda wote, usiwe na ajira rasmi. Mimi nilikuwa na miaka 30, kidato cha sita nilikimaliza 2011, nina ajira, na nilitaka kusoma huku nafundisha. Ukiacha umri, hakuna kizingiti kingine ambacho ningekivuka, achilia mbali kile cha shahada niliyonayo.

Na nasema kwa moyo mweupe: sina kinyongo. Yuko binti kule Kitangari leo anayesubiri majina ya waliopata mkopo kama nilivyosubiri mimi, na mama yake ana mikorosho michache kuliko ya mama yangu. Kama pesa ni ya mmoja, iende kwake.

Usiku nilikuwa naingia intaneti nikidhani nchi za wenzetu kuna njia. Nikakuta ukuta ni ule ule. Marekani, ruzuku ya serikali iitwayo Pell Grant ni kwa ambaye bado hajapata shahada ya kwanza, ingawa mikopo ya serikali yao mtu anaweza kuendelea nayo mpaka afike kikomo. England, mwenye shahada kwa kawaida hapati tena mkopo wa ada kwa shahada nyingine ya ngazi ile ile, isipokuwa kwa kozi chache, uuguzi ukiwemo. Ilinipa utulivu wa ajabu kujua hilo. Niliacha kutafuta mfadhili aliyejificha, nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu vilivyopo.

Cha kwanza kilichokuwepo kilikuwa deni. Watu wanaruka hapa, na ndipo wanapoangukia. Tangu 2017 makato ya Bodi kwa sisi tulioajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani yalikuwa asilimia 8. Kwa kila 100,000 ya msingi, 15,000 inaondoka kabla hujaiona. Na kwa mtumishi wa umma kuna kanuni ya theluthi moja: makato yote yakijumlishwa, lazima theluthi moja ya mshahara ibaki. Maana yake makato ya shahada ya kwanza yanakula nafasi ya kukopa kwa ajili ya shahada nyingine. Ukienda benki au SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, anayekupigia hesabu anaanza na salari slipu yako, si na ndoto yako.

Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa miaka ile nilikuwa nakatwa kila mwezi, na nikiangalia salio naona halisogei ninavyotarajia. Tozo hiyo iliondolewa 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikaondolewa mwaka huo huo. Kwangu mimi huo ndio ufadhili wa kwanza wa shahada ya sheria, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Deni likaanza kushuka kweli kweli, na kwa mara ya kwanza niliweza kuuona mwezi wa mwisho kwa mbali.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka huo huo wa kwanza. Nilikuwa na akiba kwenye SACCOS, nikakopa 1,500,000, nikasajili kozi zote za mwaka kama vile mimi ni msichana wa bwenini mwenye bumu. Ulipofika wakati wa mitihani, mwanangu alilazwa, na mitihani ya shule ninayofundisha ikaangukia wiki ile ile. Kozi nyingine sikuzifanyia mtihani kabisa. Pesa ilikwenda, deni likabaki, na nilikatwa miezi mingi kwa ajili ya masomo ambayo sikuyasoma. Nililia, sioni aibu kusema.

Kilichoniokoa ni kuelewa, kwa kuchelewa, jinsi Huria inavyolipiwa. Unalipia kozi unazosajili. Kuna malipo madogo madogo ya mwaka ambayo hayaangalii umechukua kozi ngapi, lakini mzigo wenyewe unaupima wewe. Chuo kile kiliundwa kwa sheria ya 1992, na mtu aliyekibuni nadhani alimfikiria mtu kama mimi: ana kazi, ana mtoto, ana shamba, na pesa yake inakuja kwa msimu. Ukiwa na kidogo, sajili kozi mbili. Ukiwa na zaidi, nne. Tangu 2022 nimeishi hivyo.

Na msimu kwetu ni korosho.

Siku tulipoikomboa ile mikorosho 15, mama alisema hiyo sasa ni ya kitabu chako. Mingine ni ya nyumba. Nilidhani anasema tu kwa furaha, lakini mama hajawahi kuchanganya. Korosho za miti ile zinapakiwa kwenye magunia yake, zinapimwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina lake, na pesa ikiingia kwenye akaunti baada ya mnada ananipigia simu ananitajia mpaka shilingi ya mwisho.

Sasa sikiliza hesabu. Mwaka 2022 miti ile ilitoa kilo 170. Bei mnadani zilikuwa zinazunguka 2,000 kwa kilo, basi ni kama 340,000 kabla ya makato ya ushuru na ya vyama. Mwaka 2023 hali ikawa ile ile. Hiyo si ada ya mwaka. Ni kozi chache, na nauli. Walio nje ya Mtwara na Lindi wanasikia "dhahabu ya kijani" wanadhani kila mwenye mkorosho ni tajiri. Wangekuja Desemba, bei ikiwa imeanguka, waone foleni ya dukani kwa wenye madeni.

Pia kuna jambo la wakati. Chuo kinataka malipo mtu anaposajili, korosho zinaanza kuuzwa Oktoba. Katikati hapo ndipo kangomba anapopita. Kwa msomaji asiye wa kusini: kangomba ni yule anayenunua korosho zako kwa bei ya chini, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, mara nyingi hata kabla hazijaiva, anapima kwa bakuli. Mwaka 2023 alikuja mmoja mlangoni mwa mama akijua kabisa kuna binti anasoma. Alitaja pesa taslimu. Ilikuwa karibu nusu tu ya ambayo tungepata kwa kusubiri. Mama alinipigia kuniuliza, nikamwambia hapana, nikasajili kozi mbili kwa pesa ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikasubiri mnada.

Kikoba ndicho kinachobeba vitu vidogo. Ada si kitu pekee. Kuna bando la intaneti, maana vitabu na hukumu za kesi nazisoma kwenye simu. Kuna fotokopi. Kuna safari ya kwenda Mtwara mjini kufanya mitihani kwenye kituo cha mkoa. Barabara ya Mtwara, Newala mpaka Masasi ni kilomita 210, na nilipoanza lami ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50 tu kutoka Mtwara mjini. Masika ulikuwa huna uhakika wa kufika siku hiyo, kwa hiyo nilikuwa nateremka siku mbili kabla. Ningelala nyumba ya wageni kila mara, nisingefika mwaka wa pili. Nina mama mdogo anayekaa Vigaeni, pale pale mjini. Nampelekea ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, ananipa chumba cha watoto na taa. Huo nao ni ufadhili, na kwa pesa ya mjini si mdogo.

Kuna jambo moja nataka kulisema zaidi ya yote, nalo halimo kwenye hesabu. Desemba 2022 mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa anatoka unyagoni. Mjomba alinipigia: "Mwalimu, mwali wetu anatoka. Wewe unatoa nini?" Kwetu hilo si ombi. Mama mkubwa au mama mdogo mwenye mshahara anatoa kitenge, anatoa mchele, anatoa kinachoonekana. Nilikuwa nimeshalipia kozi. Nilitoa nusu ya kilichotarajiwa. Dada yangu hakunisemesha mpaka Pasaka. Shahada ya kwanza familia inaisherehekea kwa sababu ni ya wote, ni mtoto wetu ameenda chuo. Ya pili wanaiona ni yako peke yako, na kila shilingi unayoiweka huko wanaihesabu imetoka kwao. Hawana ubaya. Nilichojifunza ni kusema mapema. Sasa mwezi wa saba nakaa na mjomba na dada, nawaambia mwaka huu kozi ni ngapi, kinachobaki ni kiasi gani, na kama kuna ngoma tuipange humo. Tangu nianze kufanya hivyo hatujagombana tena.

Mapema 2023, baada ya msimu ule mbaya na ugomvi ule, mama alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba na daftari. Akasema, "Niweke mitano tu. Msimu mmoja." Aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa kitu asichotaka wengine waone. Mama ambaye alipoteza misimu minane kwa ajili ya shahada yangu ya kwanza alikuwa tayari kuanza tena. Nilimshika mkono nikamwambia mwaka huu nitasoma kozi mbili, na kama hazilipiki nitasoma moja, na kama moja hailipiki nitasubiri. Shule itanisubiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ni sawa. Nilimaliza mwaka ule na kozi nne. Nilikuwa nimepanga kumi.

Walimu wenzangu waliojiunga nami 2021 wakaanza kunipita. Mmoja alikopa sana, akamaliza mapema, na mshahara wake mpaka leo unabaki theluthi ile ile ya kisheria. Mwingine aliacha. Sisemi nani alikosea. Nasema mimi nilichagua polepole kwa sababu nilijua rehani inavyonuka.

Kisha ukaja 2024. Mwezi Mei salari slipu yangu ilitoka bila makato ya Bodi. Nilihakikisha mara tatu. Deni la 2011 limekwisha. Nikaomba SACCOS wasinipandishie mkopo, nikafungua akaunti ya pembeni na kuagiza kiasi kile kile kilichokuwa kinakatwa kiende huko kila mwezi, kabla mkono wangu haujakizoea. Oktoba mnada wa kwanza ukafunguliwa kwa bei iliyovuka 4,000 kwa kilo. Mama alinipigia simu nikiwa darasani kidato cha pili, na mimi ambaye huwakataza wanafunzi simu niliipokea. Miti ile ilikuwa imetoa kilo 190. Kwa mara ya kwanza nilisajili kozi tisa, kwa pesa isiyo ya mtu.

Nikusimulie jingine linalonichekesha na kuniumiza kwa pamoja: nafundisha Kiswahili, na tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini sheria yenyewe naisoma kwa Kiingereza. Kila hukumu ninayoisoma naigeuza kichwani niisikie ingesemwaje mbele ya mama. Inanichelewesha, ila nadhani ndiyo sehemu ya masomo niliyoilipia kwa haki kuliko zote.

Zimebaki kozi tano. Baada yake kuna mwaka wa Shule ya Sheria, Dar es Salaam, wenye ada yake, kodi ya chumba na ruhusa ya mwajiri, na akaunti ya pembeni bado haijatosha. Huenda nikasubiri misimu miwili. Nimeshazoea kusubiri msimu.

Wiki iliyopita nilikwenda kijijini. Mikorosho imeanza kutoa maua, na mama alikuwa ameshaona ubwiriunga kwenye baadhi ya matawi, ule unga mweupe unaokausha maua yasishike korosho. Tulikuwa tunamsubiri kijana mwenye mashine ya kupulizia salfa. Tumekaa chini ya mmoja wa ile 15, mama akaniuliza bila kunitazama: "Siku ile barazani. Sasa ungewaambia nini?"

Nikamwambia. Nilianza na dole gumba: kwamba mtu asiyejua kusoma akiwekewa karatasi, anayeidai karatasi ile aulizwe ni nani alimsomea, na alimsomea nini. Nikaja kwenye maneno yanayogongana, kwamba utata unaweza kumwangukia aliyeyaandika, na aliyeyaandika alitoka upande wao. Kisha nikahesabu kwa vidole misimu minane ya korosho alizookota jirani, kilo kwa kilo, bei kwa bei, nikaziweka pembeni ya pesa aliyotoa 2011, na kuuliza ni lini hasa pesa hiyo ilikuwa bado haijarudi. Nikasema mjomba alikuwepo, na shahidi aliyekuwepo ana thamani yake. Nilisema kwa Kiswahili, polepole. Hakunikatiza hata mara moja.

Mashine ilisikika inakuja kutoka njiani. Mama akasimama, akafunga khanga yake puani.

"Waanze na hii," akasema.